Nishatuma 60,000 ya dawa za nguvu za kiume kwa dokta wa Facebook, sasa anataka na ya ushuru. Ni matapeli hawa au ndo utaratibu?

FundiAlumini_Tabata
Jumanne, saa 5 usiku

Habari za usiku wakuu. Naombeni msinicheke maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na sina wa kumwambia, hata mshikaji wangu ninayefanya nae kazi hajui. Nina miaka 39, nina mke na watoto wawili, kazi zangu ni alumini na vioo, nipo Tabata. Kama mwaka na nusu sasa nguvu zimepungua. Mwanzo nilijua ni uchovu tu kwasababu kazi yetu unabeba mafremu kutwa nzima juani, mchana napiga enaji mbili tatu ndo niende sawa, usiku nikilala naamka mara tatu mpaka nne kukojoa na kunywa maji, asubuhi nimechoka tena kama sijalala. Sasa chumbani mambo yakaanza kwenda hovyo, saa nyingine inaanza vizuri afu inalala katikati. Mke wangu hasemi kitu ila najua anaona.

Basi wiki iliyopita nipo Facebook nikakutana na tangazo, dokta kavaa koti jeupe na kipimo shingoni, vidonge vya mimea kutoka Marekani, vinarudisha heshima ya ndoa ndani ya siku 7 na kuongeza maumbile inchi tatu. Komenti mia nne na kitu, wote wanashukuru. Nikabonyeza ikanipeleka WhatsApp. Dokta akaniuliza umri, kilo, nina mke au sina, tatizo limeanza lini. Nikamjibu akasema nipo hatua ya pili, nikichelewa nikaingia hatua ya tatu haliponi tena. Dozi kamili boksi tatu 180,000 ila kwa leo tu ni 120,000, nitangulize nusu. Nikatuma 60,000. Wakati natuma jina lililotokea ni la mwanamke, nikauliza, akasema ndo mhasibu wa kampuni. Akaomba na picha ya kitambulisho cha NIDA eti ya kusajilia mzigo, nikatuma.

Jana kaniambia mzigo umefika bandarini umekwama, inatakiwa 45,000 ya ushuru. Na leo kaongeza kwamba nimpigie picha ya maumbile yangu ili ajue anianzishie dozi ipi. Hapo ndo moyo ukasita. Ofisi anasema ipo Kariakoo, nikamwambia basi nakuja mwenyewe maana toka Tabata mpaka Kariakoo ni daladala moja tu, akasema siku hizi hawapokei wateja ofisini.

Naomba kujua, hawa ni matapeli au ndo utaratibu ulivyo? Hela inaweza kurudi? Na kama ni matapeli, wapi mtandaoni naweza kupata dawa za kweli, maana dukani naona aibu, duka la dawa la mtaani kwetu anayeuza ni binti wa jirani.


MtotoWaMbagala
Jumanne, saa 5:20 usiku

Umepigwa mkuu, pole sana. Usitume hata mia nyingine na hiyo picha usithubutu kupiga. Sasa hivi hivi piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako, waambie umetuma hela kwa tapeli, wape muda na kiasi, kama bado haijatolewa kwa wakala wanaweza kuizuia. Afu ile namba iripoti 15040, unatuma ile meseji ya kitapeli kwenda 15040 wanakuuliza namba ya aliyekutumia unawapa. Usisubiri asubuhi.


Nilikuwa_Ndani
Jumatano, saa 7 usiku

Fundi nimesoma nikashindwa kulala. Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Mimi hiyo kazi nimeifanya. Karibu mwaka mzima, chumba kimoja Sinza, vijana sita, kila mtu simu tatu mbele yake. Huyo dokta wako hakuna dokta, ni kijana kama mimi, nilikua nimemaliza fomu foo nasubiri maisha. Picha ya koti jeupe imeokotwa mtandaoni, mwenyewe yupo nchi za watu huko hana habari. Ukutani tulibandika karatasi yenye majibu, mteja akisema hivi unamjibu hivi. Na hiyo hatua ya pili uliyopewa wewe ndo hiyo hiyo walipewa wote, kila aliyeingia alikua hatua ya pili. Bosi alishatufundisha, ukimwambia mtu hatua ya kwanza anaona bado ana muda anaenda kufikiria, ukimwambia ya tatu anakata tamaa analala mbele, ya pili ndo ina hofu na ina matumaini kwa pamoja. Nilituma hilo neno kwa watu mpaka nikawa nalitype nimefumba macho.

Zile komenti tulikua tunaandikiana wenyewe. Akaunti moja ni ya Mama fulani mwenye picha ya maua, nyingine Baba fulani yupo Mwanza, unaandika "asante dokta mke wangu kanirudia" unatoka unaingia na nyingine. Ukiangalia vizuri utaona zote zimeandikwa siku mbili tatu zinazofuatana, na ukibonyeza hizo akaunti hazina marafiki wala picha za zamani. Matangazo tulikua tunayalipia yatoke kuanzia saa nne usiku, kwasababu muda huo mwanaume yupo na simu peke yake, pengine mke kashalala pembeni na yeye ana mawazo.

Mzigo ulikuepo wakati mwingine, nisiseme uongo. Kapsuli tupu zinanunuliwa kwa maelfu, zinajazwa unga wa majani fulani, kuna kipindi unga ulikuja mwingine mweupe bosi hakutaka kusema ni nini, na maboksi yanachapishwa hapa hapa mjini na bendera ya Marekani juu. Kwahiyo wanaosema lipa mzigo ukishafika ndo salama, sio kweli, bodaboda anakuletea kweli boksi la kweli na ndani huna unachokijua.

Ushuru wa bandarini ni uongo, mzigo unatoka chumba cha pili. Ukitoa 45,000 kesho kutwa utaambiwa vipimo vinaonyesha mwili una sumu inabidi usafishwe kwanza kwa dawa ya 70,000. Haina mwisho. Tulikua tuna daftari la waliolipa mara moja na hao ndo waliokua wanapigiwa zaidi kuliko wateja wapya, maana aliyetoa ya kwanza anaumia kukubali kwamba imepotea, anatoa ya pili ili aiokoe ya kwanza.

Kuhusu NIDA yako, laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama ya kidole kwahiyo picha peke yake sio rahisi wakusajilie laini, ila piga *106# uangalie namba ngapi zipo kwenye jina lako, ukiona usiyoijua nenda duka la mtandao husika waifute. Wanachofanya zaidi na kitambulisho ni hiki, mteja mwingine akiwa na wasiwasi anatumiwa kitambulisho chako wewe, anaambiwa "huyu ndo mkurugenzi wetu". Nimefanya hivyo kwa mikono yangu na naomba msamaha kwa yeyote ambaye sura yake ilitumika.

Kilichonitoa pale ni mzee mmoja wa mkoani, mwalimu mstaafu. Alikua anaanza kila meseji na "shikamoo daktari wangu", mimi mtoto wa miaka 21, na kila akituma hela anashukuru. Katuma mara tatu. Mara ya nne akaniandikia ameuza cherehani ya marehemu mke wake, alikua ameoa tena na anaogopa kuachwa. Nilimwambia asitume, nikamwambia ukweli, akanijibu "daktari wangu umechoka, pumzika". Hakuamini. Nikaondoka siku hiyo hiyo na simu nikaiacha mezani.

Wateja wa aina mbili tu tulikua tunawaogopa. Anayesema nakuja ofisini, na aliyemwambia mke wake. Hao tulikua tunawablock haraka bila hata kubishana nao, maana yule wa pili hata ukimtisha huna cha kumtishia.


Sina_Jina_Leo
Jumatano, saa 12 asubuhi

Fundi kuhusu hiyo picha. Mimi nilituma. Nitaandika kwa kifupi kwasababu bado inaniuma.

Nilituma usiku, asubuhi nikapokea picha yangu mwenyewe pamoja na skrinishoti ya orodha ya marafiki zangu wa Facebook, mke wangu, dada zangu, na bosi wangu. Laki mbili ndani ya lisaa. Nikatoa. Wiki ile ile laki nyingine na nusu. Nikakopa. Mara ya tatu nikakaa na mke wangu kitandani nikamwambia kila kitu nikiwa natetemeka, akalia, afu akachukua simu yangu akasema haya hebu nionyeshe wanavyoandika. Tukapiga skrinishoti zote na namba zote walizopokelea hela, tukaenda polisi tukafungua RB, yani namba ya kumbukumbu ya kesi, yule askari alisema kesi kama hizi zinaingia kwenye sheria ya makosa ya mtandao ya 2015. Wale jamaa waliandika siku mbili zaidi, nikawajibu mara moja tu kwamba mke wangu anajua na RB ipo, nikawablock. Hawakutuma kwa mtu yeyote.

Usifute meseji zao ndugu yangu hata kama zinakutia aibu, ule ndo ushahidi. Usitume picha.


Mfamasia_Ilala
Jumatano, saa 3 asubuhi

Habari fundi. Mimi ni mfamasia, miaka kumi na moja kaunta. Wenzangu wamesema ya hela, mimi niseme ya dawa yenyewe, kwasababu naona bado umeuliza wapi utapata "za kweli" mtandaoni.

Kwanza hilo la inchi tatu. Hakuna kidonge, mafuta wala unga duniani unaoongeza maumbile ya mtu mzima. Hakuna. Ukiona tangazo linaahidi hilo funga hapo hapo, huhitaji kuchunguza kitu kingine. Na wanaume wengi wanaotafuta hizo inchi hawana upungufu wowote, kuna uchambuzi mkubwa ulitoka 2015 uliojumlisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 waliopimwa na wahudumu wa afya, wastani ukiwa umesimama ni kama sentimita 13. Wanaotangaza wanajua wewe umejilinganisha na video.

Pili, hivi vidonge vya "mimea asilia 100%" vinavyofanya kazi ndani ya nusu saa. Mmea haufanyi kazi hivyo. Kikifanya kazi ndani ya nusu saa mpaka lisaa jua ndani kuna dawa ya hospitali imefichwa, mara nyingi sildenafili au tadalafili, na hujui kiasi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wana orodha ya bidhaa hizi, kuna watafiti waliipitia kuanzia 2007 mpaka 2016 wakakuta saplimenti 776 zimechanganywa dawa kimyakimya, na 353 kati ya hizo zilikua hizi hizi za nguvu za kiume, yani karibu nusu nzima. Na hapo hapo mjue, neno "imethibitishwa na FDA" kwenye boksi la saplimenti ni uongo wa moja kwa moja, FDA haithibitishi saplimenti kabla hazijaingia sokoni, hata zile za halali.

Sildenafili yenyewe sio sumu, ni dawa nzuri, ilikua inajaribiwa kwa maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo ikaonekana kazi yake nyingine, Marekani wakairuhusu 1998. Inafungua mishipa damu iende. Ndo maana ina hatari kwa mtu asiyejua anameza nini. Mtu wa moyo anayetumia dawa za kundi la naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi kwa mfano, akichanganya na sildenafili presha inaweza kuporomoka akafa. Na yeye alijua kameza majani. Nyingine ni kusimama kusikolala, ikipita masaa manne ni dharura, nenda hospitali usiku huo huo usisubiri aibu iishe, tishu zinaharibika moja kwa moja.

Na kuna baya zaidi. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya mia moja walilazwa, sio wagonjwa wa kisukari, sukari imeshuka mpaka wengine hawana fahamu, wanne wakafariki. Kumbe kwenye vidonge vya nguvu za kiume vya magendo mlikua na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Aliyechanganya huko kwenye chumba chake hata sijui kama alijua anachokichanganya. Ule unga mweupe aliousema Nilikuwa_Ndani umenikumbusha hiyo habari.

Sasa jibu la swali lako. Dawa za kweli zipo, zipo famasi, kidonge cha sildenafili cha kawaida kilichosajiliwa hakifiki hata robo ya hiyo laki na ishirini, ila ni dawa ya cheti, daktari akuone kwanza apime presha na moyo. Dawa yoyote ukiwa na mashaka nayo ingia tovuti ya TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya hapa kwetu, kuna sehemu ya kutafuta dawa zilizosajiliwa, andika jina lililo kwenye boksi. Isipokuwepo, isiingie mdomoni. Na matangazo ya dawa kwa wananchi yanatakiwa kibali cha TMDA, kwahiyo huyo dokta anayetangaza kwa maneno ya "zimebaki boksi 7" muulize namba ya kibali chake, uone atakavyokasirika.

Binti wa jirani usimwogope ila kama huwezi basi panda gari, famasi zimejaa Ilala na Kariakoo ambako hakuna anayekujua. Unaomba kuongea na mfamasia pembeni. Kwa wiki napata wanaume wengi tu wanaoinama kwenye kaunta wananong'ona, na nawanong'onezea vile vile.


Pweza_Feri
Jumatano, saa 5 asubuhi

Mi naona mnamtisha tu mwenzenu na madawa ya kizungu. Fundi nenda Feri jioni, supu ya pweza bakuli mbili, karanga mbichi, na upate vumbi la Kongo la kweli, ule unga wa nguvu za kiume, wiki mbili utakuja kunishukuru. Babu zetu walikua hawaendi kwa dokta na walizaa watoto kumi.


Mfamasia_Ilala
Jumatano, saa 6 mchana

Kaka pweza ni chakula kizuri, ale tu, ana protini na ni mtamu. Ila unga usiojua ndani kuna nini ni ule ule hata kama anayekuuzia unamuona kwa macho na mnasalimiana kila siku. Tiba asili ina baraza lake hapa nchini linalosajili waganga na dawa zao, kwahiyo hata huko mtu ana haki ya kuuliza usajili. Na babu zetu hawakua wanakunywa enaji tatu kwa siku.


Nesi_Temeke
Jumatano, saa 9 alasiri

Kaka yangu fundi, nimepita hapa kwa bahati na nimesoma post yako mara mbili kwasababu kuna mstari umeupita haraka sana mwenyewe na naona na wengine wameupita. Unaamka usiku mara tatu mpaka nne kukojoa na kunywa maji. Uchovu usioisha. Miaka 39. Enaji mbili tatu kila siku, na nyingi ya hizo kopo moja dogo lina gramu 25 za sukari na zaidi.

Kaka hebu kapime sukari. Sisemi unaumwa, mimi siwezi kujua kwa kusoma, ila nimekaa kliniki ya kisukari na wanaume wengi wanaofika wamechelewa ukiwauliza taratibu, mke akitoka nje, wanakwambia tatizo la kwanza kabisa lilikua hilo la chumbani, miaka miwili mitatu kabla. Na katikati hapo wametumia mamilioni kwenye vidonge, mafuta, mizizi. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na mishipa ya huko ni membamba kuliko ya moyo, ndo maana huko kunaanza kuonekana kabla moyo haujalalamika. Presha ni hivyo hivyo, sigara, pombe, hata baadhi ya dawa za presha zenyewe zinaweza kuleta hilo na daktari anaweza kukubadilishia. Msongo wa mawazo nao upo, deni, ugomvi wa nyumbani. Sasa mtu wa Facebook aliyekuuliza kilo na ndoa yako hajakuuliza kama unaamka kukojoa, kwasababu hatafuti ugonjwa wako.

Toka Tabata Amana ipo karibu, au kituo cha afya chochote, kipimo cha sukari ni tone la damu kidoleni na majibu hapo hapo. Nenda asubuhi kabla hujala. Mwambie daktari ukweli wote pamoja na hili, usiseme "nimechoka tu". Tunayasikia kila siku wala hatushangai.

Na niseme kama mwanamke, samahani kama naingilia. Umeandika mke wako hasemi kitu ila anaona. Sisi tukiona na mume hasemi, kichwani tunajiambia mambo mawili, ana mwingine nje, au mimi nimeshakua mbaya. Hatufikirii sukari. Mwambie tu.


FundiAlumini_Tabata
Jumatano, saa 3 usiku

Asanteni sana, kweli nimesoma zote nikiwa saiti nimekaa juu ya ndoo. Hela imekwenda, nilipiga 100 ile usiku wakaangalia wakasema ilitolewa dakika kumi na mbili baada ya kutuma, ile siku ile ile. Nimeripoti 15040. *106# zimetokea namba zangu mbili tu, Mungu mkubwa. Jina la zile dawa nimetafuta TMDA halipo, nimejaribu na spelingi nyingine halipo. Picha sikutuma. Kuhusu sukari sijui, kwetu hakuna mwenye kisukari. Nitaenda wiki hii.


Nesi_Temeke
Jumatano, saa 3:30 usiku

Nenda kesho kaka, sio wiki hii. Kesho.


FundiAlumini_Tabata
Jumamosi, saa 2 usiku

Wakuu nimerudi.

Alhamisi usiku nilimwambia mke wangu. Nilipanga maneno toka saiti mpaka nyumbani, nilipofika yakapotea yote nikampa tu simu asome hii post. Akasoma kimya mpaka mwisho, na majibu yenu yote kasoma. Afu akanionyesha jagi la maji lililo pembeni ya kitanda, akasema toka mwezi wa sita mwaka jana analijaza mara mbili kwa usiku na hajawahi kunisemesha kwasababu alidhani ni joto, na hayo mengine alijua nina mtu Kimara. Tulikaa mpaka saa nane tunaongea.

Ijumaa asubuhi tukaenda Amana wote wawili. Sijala kitu. Sukari ikasoma 14.6, dada aliyepima akarudia kidole kingine ikaja 14.3. Presha 152 kwa 96. Dokta, wa kweli huyu, alikua mama mtu mzima hivi, akaniuliza mwenyewe kabla sijasema, "na nyumbani mambo yapo sawa?" Nikamwambia hayapo sawa. Akaandika tu kama anavyoandika vingine. Akasema ya kawaida ukiwa umefunga haitakiwi kufika 7, kaniandikia metformini, dawa ya kushusha sukari, damu nyingine imechukuliwa ya kuangalia figo na wastani wa sukari wa miezi mitatu, nirudi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza kuhusu vidonge vya nguvu akasema tutafika huko, kwanza tushushe hii na presha, wengine zikitulia na hayo mengine yanaboreka, na kama haitoshi dawa ipo atanipa yeye akijua moyo wangu ukoje. Enaji kaniambia leo ndo mwisho. Kichwa kinauma toka jana kwa kuziacha ila naendelea.

Polisi nimeenda leo, RB nimepata, skrinishoti zote nimezipeleka pamoja na ile namba ya mhasibu. Sina uhakika kama watamkamata ila kitambulisho changu kikionekana sehemu nina pa kuanzia.

Nilikuwa_Ndani, asante ndugu yangu, hujui umenisaidia kiasi gani. Kama ile namba ya yule mwalimu mzee bado unayo hebu mpigie tena, safari hii umpigie kwa sauti sio meseji, na umwambie akapime sukari.

Jamaa kanitafuta mchana kwa namba mpya, anasema amenihurumia, ushuru umeshuka mpaka 20,000 ila ni kwa leo tu. Mke wangu ndo aliyepokea.


Nilikuwa_Ndani
Jumamosi, saa 4 usiku

Ninayo fundi. Nampigia kesho asubuhi.